Aliacha udaktari akafufua mwandiko wa kale

Je, msomaji, mwandiko wako ukoje? Labda mwalimu wako aliwahi kukuambia kwamba unaandika kama kuku anayeparura. Basi kabla ya kukata tamaa, sikiliza habari za Edward Johnston, Mwingereza aliyefundisha wengi sanaa ambayo yeye mwenyewe hakufundishwa na mtu.

Johnston alizaliwa Uruguay mwaka wa 1872. Alianza kusomea udaktari mjini Edinburgh lakini afya yake ilikuwa dhaifu, akaacha. Wewe uliye mzazi, hebu fikiria mwanao wa miaka 26 ameacha udaktari na sasa anakuambia anataka kuandika herufi! Lakini mwaka wa 1898 alikutana na William Lethaby, mkuu wa chuo kimoja cha sanaa jijini London, naye akamshauri aende British Museum akaangalie vitabu vilivyoandikwa kwa mkono karne nyingi kabla ya mitambo ya uchapishaji.

Huko ndiko alikogundua siri. Siku hizo watu walitumia kalamu za chuma zenye ncha kali, na waliotaka herufi za mapambo walichora mistari ya kando kisha wakajaza wino katikati. Waandishi wa kale hawakufanya hivyo. Walikata unyoya au tete ikawa na ncha bapa, wakaishika kwa mshazari usiobadilika, na unene na wembamba wa herufi ukajitokeza wenyewe. Kwa watu wa pwani yetu hili si jambo geni, kwani hata herufi za Kiarabu huandikwa kwa kalamu ya tete yenye ncha bapa.

Unaweza kujaribu sasa hivi. Funga penseli mbili pamoja kwa mpira, kisha andika herufi O bila kugeuza mkono. Umeona?

Mwaka wa 1899 Lethaby alimpa darasa, ingawa Johnston mwenyewe bado alikuwa akijifunza. Alichora herufi kubwa ubaoni kwa ubavu wa chaki, wanafunzi wakiona kila mkato. Mmoja wao, Eric Gill, alikuja kuwa mchongaji na mbunifu wa herufi aliyesifika. Mwingine, Anna Simons, alipeleka mafunzo hayo Ujerumani. Kitabu cha Johnston cha mwaka wa 1906 kiliwafikia wengi ambao hawakuwahi kumwona. Hata hivyo, ukimwagiza kazi ulihitaji subira ya Ayubu, maana alikuwa mzito kupindukia!

Mwaka wa 1913 Frank Pick, wa kampuni ya treni za chini ya ardhi za London, alimwomba abuni herufi za mabango. Zilikuwa tayari mwaka wa 1916. Kwa mshangao wa wengi, bingwa wa kalamu bapa alitoa herufi zisizo na madoido, zenye unene karibu sawa kila mahali. Johnston alifariki mwaka wa 1944, lakini herufi hizo, baada ya kufanyiwa marekebisho, zingali zikiwaongoza abiria wa London.

Ukibahatika kufika huko, tazama nukta iliyo juu ya herufi i. Si duara. Ni mraba uliosimama kwa pembe yake, kama alama inayoachwa na kalamu bapa inapogusa karatasi mara moja tu.