Mbwa wa Maonyesho, Mbwa wa Kazi

Wazazi tulioko Uingereza tunalijua ombi hili: "Mama, tununue mbwa!" Mara nyingi anayetakiwa ni Border Collie, yule mweusi na mweupe mwenye manyoya marefu. Kabla hujatoa pesa, ujue kwamba jina hilo moja lina koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni wa kazi. Ulitokea mpakani mwa England na Scotland, kwa wachungaji wa kondoo. Mbwa huyu hafanyi kazi kwa kubweka. Hujiinamisha, huwakazia kondoo macho, nao husogea. Hufuata filimbi ya mchungaji aliye mbali mamia ya mita. Babu wao mkuu, Old Hemp, alizaliwa Northumberland mwaka 1893. Tangu 1906 wachungaji wana chama chao, nacho huwapima mbwa kwa mashindano ya kuchunga. Sura haina alama.

Ukoo wa pili ni wa maonyesho. Mwaka 1976 Kennel Club ya Uingereza iliwakubali mbwa hawa kwenye maonyesho yake. Huko mwamuzi hutazama manyoya, kichwa, masikio na mwendo. Kondoo hayupo.

Tatizo linaanzia hapo. Mfugaji anayetaka tuzo huzalisha waliopata tuzo. Hakuna aliyekusudia kuua kipaji cha kuchunga, lakini kisichochaguliwa hufifia kizazi baada ya kizazi. Wapo wa maonyesho ambao bado wanaweza kuchunga, ila huwezi kulijua hilo kwa kutazama manyoya. Kennel Club yenyewe inatofautisha: anayeshinda kwa sura tu huitwa Bingwa wa Maonyesho, na ili aitwe Bingwa kamili sharti afaulu pia mtihani wa kazi. Ndiyo maana Marekani ilipofuata njia hiyo mwaka 1995, wafugaji wengi wa mbwa wa kazi walipinga vikali.

Basi tununue wa kazi? Taratibu. Mbwa wa kazi akifungiwa ndani ya fleti atajitafutia kazi: atachunga watoto, baiskeli, hata magari. Kwa familia ya mjini, aliyepungukiwa hamu hiyo huenda akawa nafuu, ingawa naye anahitaji matembezi ya kila siku.

Ukienda kwa mfugaji, omba kumwona mama wa mtoto wa mbwa, kisha uliza: wazazi wake wanafanya nini kila siku? Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.