Nani Anaweza Kusimamisha Zege?

Miradi mingi hukaguliwa vizuri kabla ya kuanza, kisha hukaguliwa tena mambo yakishaharibika. Katikati, fedha zikitoka na kazi ikienda mbio, ndipo macho yanapolegea.

Dawa yake ni malango ya ukaguzi. Mradi unagawanywa kwa hatua, na kila hatua inapoisha, wataalamu wasiohusika na utekelezaji wanapitia ushahidi na kuamua: kazi iendelee, irekebishwe au isimame. Serikali ya Uingereza ilianza kuutumia utaratibu wa aina hii kwenye miradi yake mikubwa mwaka 2001.

Kwenye ujenzi wa ghorofa, lango ninalolithamini kuliko yote ni la kabla ya kumwaga zege. Mkaguzi anapanda juu ya mbao, anahesabu nondo, anapima nafasi kati yake na kuhakikisha zimeinuliwa, hazikulalia mbao. Anashuka chini kukagua mirunda. Saa chache baadaye nondo zote zitakuwa zimefukiwa, na kuziona tena ni mpaka uvunje. Ndiyo maana sahihi yake lazima itangulie zege, hata kama lori limeshafika na vibarua wanasubiri. Sampuli za zege nazo huvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Anayepandisha ghorofa juu ya ghorofa bila kujali majibu amelikwepa lango.

Tatizo ni sahihi za “kwa masharti”: pita tu, yaliyobaki tutayamaliza mbele. Ripoti inasema kazi imefika asilimia 90, na hakuna anayeuliza ile 10 iliyobaki ni rangi ya ukuta au ni mfumo wa kuzima moto.

Uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg, Ujerumani, ulikuwa ufunguliwe tarehe 3 Juni 2012. Tarehe 8 Mei, zikiwa zimebaki chini ya wiki 4, ufunguzi uliahirishwa kwa sababu mfumo wa kinga ya moto, ukiwemo wa kuondoa moshi, haukuwa tayari. Lango la mwisho lilifanya kazi yake, na waliokataa kuidhinisha wanastahili heshima. Lakini kasoro zile hazikuzaliwa mwezi ule wa Mei. Zilivuka hatua baada ya hatua, michoro ikibadilishwa huku ujenzi ukiendelea, hadi kuzirekebisha kukawa ni kufumua kazi iliyokwisha kufanyika. Uwanja ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020.

Kwa hiyo, mwenye mradi, kabla hujasaini mkataba hakikisha umetaja ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, na malipo yake yasipitie mkononi mwa mkandarasi. Zitengee siku za ukaguzi nafasi ndani ya ratiba, maana zisipokuwemo ndizo zitakazorukwa kwanza kazi ikichelewa.