Mwangwi Chini ya Maji

Mabaharia wa zamani walipotaka kujua kina cha maji walitupa bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Siku hizi vyombo vingi vya wavuvi hupima kwa mwangwi. Mtu akipiga ukelele mbele ya genge, sauti yake humrudia baada ya kitambo. Ndivyo ilivyo majini pia, ila huko sauti hupita upesi zaidi, yapata mita 1,500 kwa sekunde moja. Basi ikichukua sekunde nzima kushuka na kurudi, kina ni mita 750. Hata samaki hurudisha mwangwi, kwa ajili ya kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake. Na mwaka 1948 ndugu wa Furuno, watu wa Nagasaki huko Japani, walianza kuuza chombo cha kuwatafutia samaki kwa njia hiyo.

Chombo hicho kina sehemu mbili: sanduku lenye kioo, na kinywa kinachoelekea chini, ambacho mafundi hukiita transdusa. Ndani ya kinywa mna kisahani cha kauri. Umeme ukikipiga, hutetemeka na kutoa sauti. Mwangwi ukikitikisa, hutoa umeme kidogo na kuurudisha sandukuni. Kwa hiyo kinywa hicho ndicho sikio pia.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao. Kinywa kikivunjika, mwenye mashua hununua kingine, na akiona plagi imeingia hudhani kazi imekwisha. Lakini kisahani ni kama kengele: kina sauti yake, wala hakilii vema kwa nyingine. Sanduku likitoa mitetemo 200,000 kwa sekunde, na kisahani kimefanyizwa kwa 50,000 tu, kioo chaweza kuonyesha ukungu mtupu, au kina cha uongo. Na kina cha uongo usiku, karibu na mwamba, ni hatari kuliko kukosa chombo. Tena nguvu zapasa kulingana: kisahani cha wati 600 kikipewa wati 1,000 chaweza kuharibika.

Sauti nyembamba ya 200,000 hupambanua vema samaki mmoja mmoja, ila huchoka upesi. Yafaa maji haba. Ile nzito ya 50,000 hufika mbali zaidi. Penye kilindi kikuu cha Ziwa Tanganyika, yapata mita 1,470, ile nyembamba haiwezi kutumainiwa.

Mashua nayo ina neno lake. Sauti hupenya faiba isiyo na tundu za hewa, hata kinywa kikibandikwa kwa ndani. Lakini mbao huimeza. Kwa hiyo katika mashua ya mbao kinywa hakina budi kugusa maji, mbali na rafadha, mahali pasipopita mapovu.