Ushirika wa Angani: Hisa, Ada na Kura katika INTELSAT



Husemwa mara nyingi katika mikutano ya vyama vya msingi kwamba ushirika ni jambo la wakulima wenye majembe na magunia, na kwamba kazi kubwa za dunia hufanywa na serikali au matajiri. Inafaa basi kueleza habari za chombo kilichoendeshwa kwa kanuni zinazofanana sana na zetu, kilomita 36,000 juu ya ardhi.

Mwezi Agosti 1964 mataifa 11 yalipatana kuanzisha INTELSAT, shirika la kumiliki kwa pamoja setilaiti za simu na televisheni. Setilaiti ya kwanza, Early Bird, ilirushwa tarehe 6 Aprili, 1965, ikiwa na njia 240 za simu baina ya Ulaya na Amerika. Kufikia Julai 1969 setilaiti za shirika zilihudumia bahari kuu zote tatu, na mwaka 1970 Kenya ilifungua kituo chake cha ardhini huko Longonot, katika Bonde la Ufa.

Sababu ya kushirikiana ilikuwa ya hesabu. Gharama ya kuunda na kurusha setilaiti ni ile ile, itumiwe na wasemaji kumi au elfu kumi. Nchi ndogo ikiinunua peke yake ni sawa na chama chenye mavuno ya tani hamsini kujenga ghala la tani elfu. Na hasara nayo hugawanywa. Mwezi Machi 1990 setilaiti moja ya INTELSAT iliachwa na roketi mahali pa chini mno, isiweze kufanya kazi. Ikabidi wanaanga wa Marekani waikamate kwa mikono mwezi Mei 1992 na kuifunga mota mpya. Mzigo kama huo ungeitikisa hazina ya nchi maskini, lakini wanachama walikuwa zaidi ya mia moja.

Mkataba ulioanza kutumika tarehe 12 Februari, 1973 uliweka hisa kwa kadiri ya matumizi: aliyetumia sehemu ya kumi ya huduma alichangia sehemu ya kumi ya mtaji. Hisa zilipimwa upya kila mwaka. Aliyeongeza matumizi alilipa, aliyepunguza alirudishiwa. Kiwango cha chini kilikuwa asilimia 0.05. Mapato yaliyobaki baada ya gharama yaligawanywa kwa hisa hizo hizo, na katibu yeyote aliyewahi kugawa bakaa kwa kadiri ya mazao ataitambua hesabu hii. Jambo kubwa zaidi ni kwamba ada ya huduma ya aina moja ilikuwa sawa kwa wote. Njia zenye simu nyingi za Atlantiki zilisaidia kuzibeba njia zenye simu chache za Afrika.

Katika kura ndipo tulipotofautiana nao. Mkutano wa nchi wanachama ulifuata kanuni ya nchi moja kura moja, lakini mambo ya fedha yaliamuliwa na Halmashauri, ambako kura zilikwenda kwa hisa. Marekani ilianza na asilimia 61. Mkataba wa 1973 uliweka kikomo: mjumbe yeyote asipige zaidi ya asilimia 40 ya kura, na wanachama watano au zaidi wa eneo moja, hata hisa zao ziwe ndogo namna gani, waliweza kuungana na kupata kiti. Kwa maoni yangu kifungu hicho kilikuwa na thamani kuliko hotuba nyingi za usawa.

Mwaka 1988 zilikuja nyaya za nuru chini ya Atlantiki, pamoja na setilaiti ya kampuni binafsi iliyochagua njia zenye faida tu. Ada moja kwa wote ikawa mzigo. Tarehe 18 Julai, 2001 mali yote ilihamishiwa kampuni ya hisa, na hisa hazikufungwa tena na matumizi. Waliosema kwamba shirika la wanachama wengi huamua polepole walikuwa na haki kiasi. Lakini wawekezaji walioinunua kampuni mwaka 2005, na waliowafuata, waliijaza mikopo, hata Mei 2020 ikaomba kinga ya mahakama ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 14. Julai 2025 ilinunuliwa na kampuni ya SES ya Luxembourg.

Katika mageuzi yale ya 2001 nchi wanachama zilibakiza shirika dogo, ITSO, lenye kazi ya kuangalia kwamba kampuni haiziachi nchi zinazoitegemea setilaiti. Shirika hilo halikuachiwa setilaiti hata moja.