Odikoloni: Manukato Mepesi ya Mwanamume Muungwana

Wanaume wengi wa mijini wana lalamiko moja juu ya manukato yenye harufu ya limau na machungwa. Mtu hununua chupa kwa fedha aliyoitolea jasho, akajipaka asubuhi kabla ya kwenda kazini, na ifikapo saa nne harufu imekwisha kutoweka. Hapo husema kwamba ameuziwa maji matupu. Siku ya pili hujimwagia maradufu, na abiria wenzake ndani ya basi ndio waumiao kwa hasira yake.

Mara nyingi muuzaji hana hatia, wala chupa haina kasoro. Manukato ya jamii hii yalitengenezwa yawe mepesi, na chepesi hupita upesi. Mwanamume aijuaye tabia hiyo hutumia kidogo, hufurahi zaidi, na fedha yake humfaa kwa muda mrefu.

MAJI YA MJI WA KÖLN

Neno odikoloni limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya maji ya Köln, mji ulioko Ujerumani kando ya mto Rhine. Aliyeyapa sifa maji hayo ni Johann Maria Farina, aliyezaliwa Italia mwaka 1685, akahamia Köln na kuyapa manukato yake jina la mji uliompokea. Nyumba ya biashara ya Farina ilianzishwa huko mwaka 1709, na ingalipo hata leo. Katika barua aliyomwandikia nduguye mwaka 1708, alieleza kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua. Katika zama ambazo wakubwa wa Ulaya walizoea miski na harufu nyingine nzito, wepesi huo ulikuwa jambo geni.

Hapo awali watu hawakuyatumia kwa kujipaka tu. Waliyasifu kuwa ni dawa, wakayanywa na kujichulia. Mwaka 1810 Napoleon alitoa amri kwamba wauzaji wa dawa wafichue siri za dawa zao. Watengenezaji wa odikoloni hawakutaka kutoa siri yao, nao wakaona ni heri kuyauza kama manukato, si dawa. Tangu hapo kazi yake ikabaki ya nje ya mwili.

Chupa nyingine mashuhuri ya mji huo ni ile yenye namba 4711. Hiyo ilikuwa namba ya nyumba ya akina Mülhens katika mtaa wa Glockengasse, iliyotolewa wakati majeshi ya Ufaransa yalipoukalia mji huo katika miaka ya 1790 na nyumba zote zikahesabiwa.

KILICHOMO NDANI YA CHUPA

Ndugu msomaji, chukua ganda la chungwa ulikunje karibu na mshumaa uwakao. Utaona matone madogo yakiruka na kuwaka moto. Hayo ndiyo mafuta yatumiwayo katika odikoloni. Hayatoki katika maji ya tunda tunayokunywa, bali katika ganda tunalolitupa.

Tunda lililo mfalme katika kazi hii ni bergamoti, ambalo ni mchanganyiko wa danzi na limau. Halifai kuliwa kama chungwa, kwa kuwa ni kali na chungu, lakini ganda lake lina harufu nzuri mno. Ndiyo ile ile inayotiwa katika chai iitwayo Earl Grey. Sehemu kubwa sana ya bergamoti ya dunia hutoka katika pwani ya Calabria, kusini kabisa mwa Italia. Zamani wafanyakazi walikamua maganda kwa mkono na kuyafyonza mafuta kwa sifongo, hata mwaka 1844 Nicola Barillà alipobuni mashine ya kuifanya kazi hiyo. Takriban kilo 200 za matunda hutoa kilo moja tu ya mafuta.

Pamoja na bergamoti hutiwa mafuta ya limau, ya chungwa, ya maua ya mdanzi, na ya majani yenye harufu kama lavenda na rosemari. Vyote hivyo huyeyushwa katika alkoholi. Katika odikoloni ya kawaida mafuta hayo huwa kama asilimia 2 hadi 5 tu.

KWA NINI HUPITA UPESI

Wazee wetu wa pwani wanaijua vema harufu ikaayo. Nguo iliyofukizwa udi hunukia siku kadhaa, na tone la mafuta ya msandali hukaa mwilini tangu alfajiri hadi usiku. Sababu ni kwamba chembe za vitu hivyo ni nzito, nazo hupanda hewani polepole. Chembe za ganda la limau ni ndogo na nyepesi. Joto la mwili huzirusha mara moja, na hiyo ndiyo sababu harufu yake ni changamfu kiasi kile. Uchangamfu huo na ufupi wa maisha yake ni jambo moja, na wala haifai kuusifu wa kwanza na kuulaumu wa pili.

Mafundi wa manukato wamejitahidi kurefusha maisha hayo. Mwaka 1966 nyumba ya Dior ya Paris ilitoa manukato ya kiume yaitwayo Eau Sauvage, kazi ya Mfaransa Edmond Roudnitska. Juu aliweka limau na bergamoti, pamoja na rosemari na mrihani. Katikati akatia hedione, dutu ya kampuni ya Firmenich ya Uswisi yenye harufu nyororo inayokaribia ile ya asumini. Chini akaweka ukoga uotao juu ya miti ya mwaloni, na mizizi ya nyasi iitwayo vetiva. Hivyo limau linapoondoka, mwenye kujipaka habaki mtupu. Hubakia harufu ya chini chini, kavu na safi, inayosikika na aliye karibu tu. Manukato hayo yangali yanauzwa, na mafundi wengi wamefuata njia hiyo.

NAMNA YA KUTUMIA

Kwanza kabisa ni kuoga. Manukato hayafuniki jasho la jana. Yakichanganyika nalo huzaa harufu ya tatu iliyo mbaya kuliko jasho lenyewe. Baada ya kujikausha vizuri, matone machache kifuani na nyuma ya shingo, chini ya shati, yanatosha. Desturi ya kale ya kutia tone katika leso safi bado ni njema, kwani kitambaa cha pamba huishika harufu kwa muda mrefu kuliko ngozi. Lakini jihadhari na shati jeupe, maana baadhi ya mafuta haya huacha doa.

Ipo hatari moja ambayo sisi wenye jua kali hatuna budi kuijua. Mafuta halisi ya bergamoti yana bergaptini, kitu ambacho kikiwa juu ya ngozi kisha kikapigwa na jua huweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi yasiyotoka upesi. Siku hizi watengenezaji waangalifu hukiondoa au kukipunguza, lakini si rahisi kumjua kila mtengenezaji. Basi usipake shingoni wala usoni ukiwa njiani kwenda juani, na hasa mara baada ya kunyoa, ngozi ikiwa na michubuko. Mahali palipofunikwa na nguo ni salama zaidi.

La tatu ni kipimo. Pua ya mwenye kujipaka ndiyo ya kwanza kuchoka. Baada ya dakika chache haisikii tena, hali wenzake wangali wanasikia. Kwa hiyo usiitumie pua yako kuwa shahidi. Muulize mkeo, au dada yako, naye atakuambia kweli. Ukihitaji kuongeza mchana, chukua kichupa kidogo uongeze tone moja au mawili. Na unapokwenda kumwangalia mgonjwa, acha kabisa. Harufu iliyo tamu kwa mzima huweza kumchafua moyo aliye kitandani.

KUNUNUA NA KUHIFADHI

Dukani, usihukumu kwa kunusa kifuniko. Weka tone juu ya mkono, tembea nusu saa, kisha nusa tena. Harufu ya kwanza ni ya limau, na limau hupendeza karibu kila mtu. Itakayobakia ndiyo utakayoishi nayo. Heri chupa ndogo kuliko kubwa, kwa maana mafuta ya machungwa huharibika yakipatwa na joto, mwanga na hewa. Yakiharibika hupoteza uchangamfu wake, na huweza hata kuiwasha ngozi. Usiiweke chupa dirishani kama pambo. Iache ndani ya boksi lake, kabatini, mbali na moto, na mahali ambapo mtoto hafiki, kwani alkoholi iliyomo ni sumu kwake akiinywa.

Mwanamume aliyeoga, mwenye shati lililofuliwa na matone mawili ya odikoloni, hahitaji kuwatangazia watu kwamba amejipamba. Anayempa mkono atasikia harufu nzuri kidogo, kisha wataendelea na mazungumzo yao. Kizuri chajiuza.