Choo cha paka kinachojisafisha: mashine inachekecha tu, kazi inafanywa na mchanga

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Tabata alinipigia simu jioni. "Wewe si ulisomea udongo? Njoo uniambie hili dude lina nini."

Dude lenyewe ni choo cha paka kinachojisafisha. Binamu yangu anafanya kazi Muscat, na aliporudi likizo alimletea mama yake zawadi hiyo. Ni pipa la duara linalofanana na tumbo la mashine ya kufulia. Paka akiingia, kihisio kinajua yupo na mashine inatulia. Akitoka, inasubiri dakika kadhaa, halafu pipa linajizungusha polepole. Mchanga safi unapita kwenye chekecheo, uchafu unabaki juu na kudondokea kwenye droo iliyo chini. Wewe kazi yako ni kumwaga droo.

Hiyo ndiyo nadharia. Nilichokikuta Tabata ni harufu kali kuanzia mlangoni, tope lililoganda kwenye kuta za pipa, na Sultani, paka dume wa shangazi mwenye kilo tano, amepanda juu ya friji akiliangalia lile dude kwa mashaka. Shangazi alishaamua kwamba mashine ni mbovu. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imepewa mchanga usioiendea.

Swali moja la chekecheo

Chekecheo halina akili. Linauliza swali moja tu: hiki kinapita, au hakipiti? Basi ili choo kama hiki kifanye kazi, mambo mawili lazima yawe kweli kwa wakati mmoja. Punje safi ziwe ndogo kuliko matundu, na uchafu uwe mkubwa kuliko matundu, tena ubaki mkubwa hata unapobiringishwa. Kinyesi hakina shida, chenyewe ni kigumu. Mtihani ni mkojo. Mkojo ni maji, na maji yanapita popote. Kwa hiyo mchanga wa paka lazima ukamate yale maji na kuyageuza donge.

Shangazi alikuwa amejaribu vitu vitatu. Kwanza mchanga wa ujenzi uliobaki walipojenga ukuta. Punje za mchanga wa kawaida hazinywi maji. Mkojo ulishuka moja kwa moja hadi chini, ukakaa hapo. Pipa lilipozunguka, mchanga wote ukapita, pamoja na ule uliolowa.

Pili, akaenda kwa fundi seremala akachukua randa. Hapo ikawa kinyume chake: randa ni pana kuliko matundu, kwa hiyo mashine ikatupa kila kitu kwenye droo, safi na chafu, ikabaki pipa tupu.

Tatu, akanunua mchanga wa paka wa bei ndogo dukani, ule wa punje za udongo zinazofyonza bila kushikana. Huu una historia yake. Mwaka 1947, huko Cassopolis, Michigan, nchini Marekani, Edward Lowe alikuwa anauza udongo wa kufyonza mafuta yaliyomwagika viwandani. Jirani yake alikuwa akimwekea paka mchanga au majivu. Lowe akampa punje za udongo huo ajaribu, na biashara nzima ya mchanga wa paka ikaanzia hapo. Kwenye beseni la kawaida, ambalo unamwaga vyote na kuosha, unafaa. Kwenye chekecheo haufai: punje iliyojaa mkojo ina ukubwa uleule wa punje kavu, basi inapita na kurudi ndani. Siku tatu, nne, tayari umeshasikia harufu.

Harufu hiyo, kwa taarifa yako, ni amonia. Mkojo una urea, ileile unayoijua kwenye mifuko ya mbolea. Bakteria wanaivunja, inatoka amonia. Mkojo wa paka umekolea sana, kwa sababu asili yake ni paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, aliyezoea kubana maji. Ukiacha mkojo ndani ya pipa, hakuna marashi yatakayokuokoa.

Udongo unaovimba

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe, maana ndio niliosomea. Mchanga unaoshikana, kwa sehemu kubwa, ni bentonaiti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1898 na mwanajiolojia Wilbur Knight, kutokana na miamba ya Benton huko Wyoming. Asili yake ni majivu ya volkano yaliyobadilika kuwa udongo kwa mamilioni ya miaka.

Ukiuangalia kwa ndani sana, udongo huu ni matabaka membamba kama kurasa za kitabu, kila ukurasa una unene wa karibu nanomita 1. Kurasa zina chaji hasi, na katikati yake zimekaa ayoni za sodiamu kusawazisha. Maji yakifika, yanazikimbilia zile ayoni, yanaingia kati ya kurasa na kuzitenganisha. Udongo unavimba mara nyingi kuliko ulivyokuwa, unageuka ute, na ute huo unagundisha punje za jirani. Hapo una donge.

Ipo pia bentonaiti ya kalsiamu. Ayoni ya kalsiamu ina chaji mbili, kwa hiyo inazishika kurasa kwa nguvu zaidi na maji hayapati nafasi. Inavimba kidogo, na donge lake huwa dhaifu. Mifuko miwili inaweza kuandikwa "bentonaiti" na ikafanya kazi tofauti kabisa. Ndiyo maana nashauri upime mwenyewe.

Kipimo cha jikoni

Weka mchanga wa paka kwenye bakuli, kina cha vidole vinne. Chukua vijiko vitatu vya chai vya maji, tia chumvi kidogo, mimina mahali pamoja. Chumvi ni ya lazima: maji ya chumvi huvimbisha bentonaiti kidogo kuliko maji matupu, na mkojo una chumvi. Ukipima kwa maji ya bomba peke yake utadanganyika.

Subiri dakika kumi. Nyanyua donge kwa uma, liangushe kwenye gazeti kutoka kimo cha rula ya shule. Likibaki zima, litavuka safari ya pipa. Likimeguka mawili, unaweza kuvumilia. Likisambaratika, vipande vitapita kwenye matundu na kurudi kwa paka. Na angalia chini ya bakuli: kama maji yamefika, basi mchanga ni hafifu au hukuweka wa kutosha. Ndani ya mashine, mkojo ukigusa sakafu ya pipa ndiyo lile tope la Tabata.

Na aina nyingine?

Kuna fuwele za silika, ndugu wa vile vipunje vya kwenye pakiti ndogo unazozikuta kwenye maboksi ya viatu. Zinanyonya mkojo ndani ya vinyweleo vyake, maji yanakauka taratibu, na hazishikani. Zinafaa kwenye choo chenye reki, ambacho kinakokota kinyesi tu na wewe unabadilisha trei nzima baada ya wiki kadhaa. Kwenye pipa la kuchekecha hazifai.

Kuna za mimea: mahindi, ngano, soya, hata muhogo. Aliyewahi kutengeneza gundi ya unga kwa ajili ya tiara anajua wanga ukilowa unavyonata. Ni nyepesi na hazina vumbi la udongo, ila nyingi zinachelewa kukaza. Ongeza dakika za kusubiri kwenye mashine kabla haijazunguka. Na kama choo chako kinapima uzito kujua kama paka yupo, soma kitabu cha maelekezo kwanza: baadhi vinataka mchanga wenye uzito fulani. Maelekezo hayohayo yatakwambia uzito wa chini wa paka. Mtoto wa paka mwepesi asiachiwe mashine inayojizungusha yenyewe.

Vumbi nalo ulitazame, maana linaziba vihisio na si zuri kwa mapafu yako wala ya paka. Ya manukato uyaache. Paka wengi wanapenda punje laini zisizo na harufu, na paka asiyeupenda mchanga wake atakutafutia pengine pa kukojoa, mara nyingi kitandani. Ukibadilisha, changanya wa zamani na mpya kidogo kidogo. Na bentonaiti usiimwage kabisa chooni kwako. Inavimba kwenye bomba kama inavyovimba kwenye pipa.

Donge linasema

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Tulimnunulia Sultani bentonaiti nzuri, isiyo na manukato, tukajaza hadi kwenye mstari. Siku ya pili alishuka kwenye friji. Wiki ya tatu shangazi akapiga tena simu. "Mwanangu, madonge yamekuwa madogo, kama gololi. Na ni mengi."

Nilimwambia ampeleke kwa daktari wa mifugo asubuhi ileile. Njia ya mkojo ilikuwa inaanza kuziba. Paka dume mrija wao ni mwembamba, na ukiziba kabisa, sumu ambazo mkojo ungezitoa zinarudi kwenye damu. Siku mbili tatu zinatosha kumuua. Sultani aliwahishwa, sasa yuko nyumbani anakula.

Hatari ya choo kinachojisafisha ni kwamba kinakuondolea macho. Ukiwa na beseni na koleo, unaona kila kitu kila siku. Ukiwa na droo, unaona mara moja kwa wiki, kama unaangalia. Mchanga mzuri unakurudishia hayo macho: donge dogo dogo ni onyo, kutokuwa na donge kabisa ni dharura, na madonge makubwa kuliko kawaida yanaweza kuwa figo au kisukari. Fungua droo kila siku, hata kama haijajaa.

Kuna sababu nyingine ya kuimwaga mapema. Vimelea vya Toxoplasma, vikitoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza. Kwenye droo inayokaa wiki nzima wanapata muda wa kutosha. Mjamzito asiiguse kabisa kazi hiyo. Asipokuwepo mwingine, avae glavu, amwage kila siku, anawe mikono kwa sabuni.

Shangazi sasa anafungua droo kila asubuhi baada ya chai. Mashine inajisafisha yenyewe, ndiyo, lakini anasema kusoma bado ni kazi yake.