Montessori: Unalipia Bango au Darasa?

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam, Arusha au Mwanza msimu wa kuandikisha watoto, huwezi kulikosa bango lenye neno "Montessori". Liko kwenye geti la shule yenye bwawa la kuogelea, na liko pia kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyogeuzwa chekechea, bembea moja uani na vikatuni ukutani. Ada zinapishana mbali kabisa, na mzazi anabaki kujiuliza ipi ndiyo yenyewe.

Bei haitamwambia, wala bango. Katika nchi nyingi jina hilo halilindwi kama nembo ya biashara. Mwenye rangi na brashi analiandika. Namba ya usajili wa Serikali, ambayo lazima uiulizie, inakuthibitishia kwamba shule inatambulika kisheria. Haikuthibitishii kwamba ndani watoto wanafundishwa kwa njia aliyoianzisha Maria Montessori, daktari wa Italia, mwaka 1907.

Na njia yenyewe haikuanzia kwa matajiri. Darasa lile la kwanza lilikuwa San Lorenzo, mtaa wa vibarua jijini Roma. Wazazi walishinda kazini, watoto wakabaki wakichafua kuta na ngazi za majengo ya kupanga, na wenye majengo wakaona heri kuwatafutia chumba na mlezi kuliko kukarabati kila siku. Hesabu ya gharama ilikuwemo tangu mwanzo.

Unachonunua hasa ni darasa la rika mchanganyiko. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wanakaa chumba kimoja, kwa mwalimu yuleyule, miaka mitatu mfululizo. Mdogo anamtazama mkubwa na kuiga. Mkubwa anamwelekeza mdogo na hapo anakielewa vizuri kile alichodhani anakijua. Ndiyo maana darasa la namna hii linaweza kuwa na watoto 28 hadi 35, mwalimu mmoja aliyesomea na msaidizi wake, na mambo yakaenda. Shule ikijisifu kwamba ina watoto kumi tu, wote wa miaka minne, umepata utulivu. Montessori hujapata.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2025 ulifuatilia watoto karibu 600 walioomba nafasi kwa bahati nasibu katika shule 24 za umma za Montessori. Waliopata nafasi walimaliza chekechea wakiwa mbele ya wenzao katika kusoma na kumbukumbu, na gharama ya kila mtoto kwa miaka mitatu ilikuwa pungufu kwa takriban dola 13,000. Sababu kubwa ni hiyo niliyoitaja: wakubwa wanabeba sehemu ya kazi, hivyo mwalimu mmoja anatosha watoto wengi zaidi. Kwa hiyo ukitajiwa ada ya kutisha, jua unalipia eneo, majengo, basi na Kiingereza. Si dhambi kuvilipia, ila uvijue kwa majina yake.

Kabla ya kutoa hata senti, omba ukae nyuma ya darasa nusu saa asubuhi, watoto wakiwa kazini. Tafuta mnara wa waridi: vipande kumi vya mbao vya umbo la mchemraba, kikubwa kina sentimita 10 kila upande, kidogo sentimita 1. Unatakiwa uwe mmoja tu chumba kizima. Anayeutaka na mwenzake anautumia, asubiri. Sasa ulizia kile kipande kidogo kabisa. Kama kimepotea na hakuna anayejua tangu lini, au kama mnara mzima umepangwa juu ya kabati na vumbi lake, umeonyeshwa pambo. Angalia kama mtoto anafikia rafu mwenyewe, anatandika mkeka wake, anamimina maji kutoka kwenye jagi la kweli na kufuta yakimwagika. Ukikuta wote wanaimba A, B, C kwa pamoja kufuata fimbo ya mwalimu, shukuru, aga, ondoka.

Vifaa si lazima vitoke Ulaya. Seremala makini akipewa vipimo anachonga mnara huo, na herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa hubandikwa juu ya vibao vyembamba hapahapa. Kwa hiyo "mchango wa vifaa" unaorudi kila muhula uulizie maswali, maana mbao hizo hudumu miaka. Fedha inayostahili kutumika ni ya mwalimu. Tanzania ina vyuo vya ualimu wa Montessori, vingi vikiendeshwa na masista wa Kikatoliki, kile cha Lushoto kikiwemo. Usishangae basi kukuta chekechea ya parokia, yenye ada ya mtu wa kipato cha kawaida, ina walimu wenye vyeti kuliko jirani yake mwenye jenereta.

Tuje kwenye hesabu. Namba hizi ni za mfano; weka za kwako. Shule ya kwanza inatoza shilingi 1,500,000 kwa mwaka, kila kitu ndani. Ya pili inatangaza 900,000, na mzazi anaikimbilia. Ongeza gari la shule 60,000 kwa miezi kumi, 600,000. Ongeza chakula 2,000 kwa siku 190, 380,000. Imefika 1,880,000 kabla ya sare na mahafali. Kwa miaka mitatu, ile "ya bei rahisi" imekuzidishia 1,140,000.

Nimesema miaka mitatu kwa makusudi. Wazazi wengi humtoa mtoto akifikisha mitano na kumpeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza "asije akachelewa". Kwangu mimi hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Umelipa miaka miwili mtoto akiwa mdogo wa darasa, ukamwondoa mwaka ule ambao angekuwa mkubwa, wa kusoma kwa sauti wenzake wakimsikiliza. Kama uwezo wako ni wa mwaka mmoja, awali ya shule ya Serikali haina ada, na Kayumba, kama tunavyoiita mtaani, itabaki kukudai michango ya uji na mlinzi. Darasa litajaa, hilo tusidanganyane. Lakini fedha inayobaki inanunua vitabu vya hadithi vya kutosha.

Kuanzia darasa la kwanza, uchaguzi unapungua. Utaratibu kamili unaunganisha watoto wa miaka 6 hadi 9, kisha 9 hadi 12, lakini upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza msingi huzisukuma shule nyingi kurudi kwenye madarasa ya umri mmoja. Waulize waziwazi: darasa la nne wanakaa na nani? Kwa vijana wa miaka 12 hadi 15, Montessori alipendekeza shule ya shambani, walime, wauze mazao, waendeshe duka na kutunza hesabu zake. Msomaji wa Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 hatashtuka. Mashamba ya shule tulikuwa nayo. Tukayageuza mahali pa kuwapeleka wachelewaji.

Ushauri wangu: lipia Montessori kama unaweza kumaliza miaka mitatu ya mwanzo, hata kama baadaye mtoto atakwenda shule ya Serikali. Kama huwezi, usikope kwa ajili ya mwaka mmoja wa bango. Na kabla ya kununua fomu, dai mchanganuo wa ada wa miaka yote mitatu kwa maandishi, wenye muhuri wa shule. Wakikataa kukupa, fomu hiyo usiinunue.